Mwajiri Aliyefichika: Waokota Taka wa Pune na Swali la Tabaka

Utangulizi

Katika masomo ya itikadi tumezoea kumtambua mfanyakazi kwa kumtazama mwajiri wake. Mkata mkonge ana mwenye shamba, kuli wa bandarini ana kampuni ya meli, mchimba madini ana mwenye mgodi. Mnyonyaji huonekana kwa macho. Ana ofisi na daftari la mishahara, na siku ya mgomo lipo lango la kusimama mbele yake.

Lakini katika miji ya nchi zilizopata kutawaliwa limekua jeshi kubwa la watu wanaofanya kazi kutwa bila daftari, bila lango, na bila mtu wa kumwita bwana. Miongoni mwao wapo waokota taka. Huamka kabla ya jogoo kuwika, hupita mitaani na magunia mabegani, huchambua karatasi, chupa, plastiki na chuma chakavu, na jioni huuza walichopata kwa bei iliyopangwa na mnunuzi. Mabaraza ya miji huwahesabu kuwa sehemu ya uchafu wanaouokota. Wapita njia huwaita machokoraa. Hata baadhi ya wananadharia wamewafuta katika orodha ya wafanyakazi.

Basi tujiulize: Je, mtu asiye na mwajiri aweza kuunda chama cha wafanyakazi? Na kama aweza, atamdai nani? Makala hii yajaribu kujibu maswali hayo kwa historia ya mji mmoja, Pune, katika jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India. Huko, tangu mwaka 1993, waokota taka wana chama chao. Historia hiyo yahusu sana kazi ya mwanaharakati mmoja, Daktari Baba Adhav, na ya wenzake waliofundisha na kufundishwa na wanyonge hao.

Kasoro Katika Nadharia

Kwanza yafaa tuisafishe nadharia. Mwaka 1852, katika kitabu chake juu ya Louis Bonaparte wa Ufaransa, Karl Marx aliorodhesha watu wa mjini aliowaita lumpeni: wazururaji, wanyang'anyi, wachezaji kamari, na pamoja nao waokota matambara. Jina lenyewe la lumpeni lina ukoo na neno la Kijerumani la matambara. Kwa orodha hiyo, vizazi vya makada vimefundishwa kwamba mwokota taka hana msimamo wa kitabaka, kwamba hununulika kwa urahisi na adui, na kwamba chama cha wafanyakazi hakina la kufanya naye.

Lakini Marx huyo huyo, katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital iliyotoka mwaka 1867, aliwaeleza wanawake na wasichana wa Uingereza waliochambua matambara kwa ajili ya viwanda vya karatasi. Alionyesha jinsi kazi yao ilivyokuwa chafu, yenye ujira duni, na jinsi ndui ilivyowashika wao kwanza na kuenea kupitia kwao. Katika kitabu hiki hawakuwa lumpeni tena, walikuwa wafanyakazi walionyonywa.

Tambara lilikuwa lile lile, na mikono ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mahali alipotazamwa mtu. Aliyetazamwa akiwa peke yake barabarani alionekana mzururaji. Aliyetazamwa ndani ya mnyororo wa uzalishaji alionekana mfanyakazi. Naye Frantz Fanon, katika kitabu alichokitoa mwaka 1961, aliwakumbusha wanamapinduzi wa Afrika kwamba watu wa vibanda vya mijini hawawezi kuachwa nje ya mapambano bila hasara. Historia ya Pune inatuongoza hatua moja mbele zaidi, kwa kuwa inaonyesha kwa vitendo jinsi mnyororo huo unavyofichuliwa.

Watu Waliofika Mjini

Waokota taka wa Pune walio wengi ni wanawake, na walio wengi ni Wadalit, yaani watu ambao mfumo wa Kihindi wa matabaka ya kuzaliwa uliwahesabu kuwa najisi wasioguswa. Vijijini walipewa kazi za kuondoa mizoga, kufagia na kusuka kamba, na walikatazwa kuteka maji kwenye visima vya wengine. Hawakuwa na ardhi ya kutosha, na wengi hawakuwa nayo kabisa.

Mwaka 1972 ukame mkali uliikumba Maharashtra. Maelfu ya vibarua wa mashambani waliyahama makao yao wakaingia mijini. Waliofika Pune walijenga vibanda pembezoni. Wanaume waliosoma kidogo walipata vibarua vya ujenzi. Wanawake wengi, hasa wajane na walioachwa, walikuta milango imefungwa, kwa kuwa hata kazi ya utumishi wa nyumbani ilikuwa ngumu kuipata kwa mtu aliyeogopwa kugusa vyombo. Jalala halikumwuliza mtu jina la ukoo wake. Hivyo ubaguzi wa kale na uchumi wa kisasa vilikutana kwenye pipa moja la taka.

Tuutazame uchumi wa pipa hilo. Mwokotaji humwuzia mnunuzi mdogo wa mtaani, naye humwuzia mkubwa, na mkubwa hukipelekea kiwanda. Karatasi hurudi kuwa karatasi, bati huyeyushwa, kioo hufinyangwa upya. Mwenye kiwanda hupata malighafi kwa bei ndogo kuliko ile ya kukata mti au kuchimba ardhi. Mwokotaji, aliyefanya kazi ngumu kuliko wote, hana mizani yake, hana ghala, na mara nyingi anadaiwa na mnunuzi aliyemkopesha fedha siku mtoto alipougua. Deni hilo ni mrija. Kwa ajili yake hawezi kuuza kwingine hata kama bei ya kwingine ni bora.

Shule ya Wahamali

Hapa ndipo inapofaa kumtaja Baba Adhav. Alizaliwa mwaka 1930 na alikuwa tabibu aliyetibu watu katika mtaa wa watu wa kawaida mjini Pune. Aliwaona wahamali wa soko la nafaka wakija kwake na migongo iliyoharibika, akatambua kwamba dawa ya mgongo haitoki katika chupa. Katikati ya miaka ya 1950 aliwasaidia kuunda chama chao, Hamal Panchayat, yaani Baraza la Wahamali. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa neno hilo. Hamali wa Pune na hamali wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wanaitwa kwa jina moja, na wamebeba gunia moja.

Hamali naye alikuwa mtu asiye na mwajiri. Asubuhi alibeba mzigo wa mfanyabiashara huyu, mchana wa yule. Kila mfanyabiashara alisema, "Huyu si mtu wangu." Mapambano ya wahamali wa Mumbai na Pune yalizaa sheria ya jimbo ya mwaka 1969 juu ya wahamali na wafanyakazi wengine wa mikono. Sheria hiyo iliunda bodi ambamo wafanyabiashara wote wa soko na wahamali wote huandikishwa. Mfanyabiashara hulipa ujira kwa bodi, na juu yake hulipa tozo. Bodi humlipa hamali na kumwekea akiba ya uzeeni na huduma nyingine. Kwa maneno mengine, mahali ambapo mwajiri mmoja hakuonekana, soko zima lilifanywa kuwa mwajiri. Wazo hilo ni kubwa, na tutalikuta tena.

Adhav hakuishia sokoni. Wakati wa ukame wa 1972 aliongoza kampeni ya kijiji kimoja, kisima kimoja, akizunguka vijijini kudai kwamba Wadalit wateke maji mahali wanapoteka wengine. Aliifuata njia iliyopasuliwa na Jotirao Phule, mwana wa Pune, aliyefungua shule ya wasichana mwaka 1848 na baadaye akawafungulia walioitwa najisi kisima cha nyumbani kwake. Na njia ya Daktari Ambedkar, aliyeongoza Wadalit kuyanywa maji ya bwawa la Mahad mwaka 1927. Kwa hiyo suala la waokota taka lilipomfikia, lilimkuta mtu aliyekwisha kujifunza mambo mawili: kwamba heshima na mkate havitenganishwi, na kwamba kazi isiyo na mwajiri anayeonekana yaweza kupata sheria.

Kutoka Darasani Hadi Barabarani

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mnamo 1990 walimu wa Chuo Kikuu cha Wanawake cha SNDT, miongoni mwao Poornima Chikarmane na Lakshmi Narayan, waliendesha elimu ya watu wazima na ya watoto katika vibanda vya Pune. Walikuta watoto hawaji darasani kwa sababu wanaokota taka pamoja na mama zao. Wangeweza kuwalaumu wazazi, kama wafanyavyo wengi. Badala yake waliokota taka pamoja nao na kuichunguza kazi yenyewe.

Walichogundua ni kwamba adui wa kwanza ni mchanganyiko. Karatasi iliyolowa mabaki ya chakula haina bei, na mwanamke hutumia saa nyingi kuchokora pipa ili apate kidogo. Wakawaendea wenye nyumba, wakawaomba watenganishe taka jikoni na kumkabidhi mwokotaji mlangoni zile kavu. Kikundi cha wanawake wapatao 30 kilianza hivyo. Saa za kazi zikapungua, pato likapanda, na mwanamke aliyekuwa akifukuzwa na mbwa akaanza kujulikana kwa jina mlangoni.

Ndipo ilipojitokeza kanuni ambayo kada yeyote anapaswa kuikariri: takataka ikishaonyeshwa kuwa ni mali, mtaji huja kuitafuta. Haukupita muda mrefu, mfanyabiashara mmoja alileta gari na kuanza kukusanya taka katika nyumba zile zile. Wanawake hao wangefanya nini? Hawakuwa na hati ya eneo, wala mkataba. Walikuwa na miguu na sauti. Walijipanga, wakaandamana, wakawaeleza wenye nyumba kwamba gari lile limebeba chakula cha watoto wao. Wakaazi wengi waliwaunga mkono, na gari likaondoka.

Ushindi huo uliwafundisha zaidi ya semina kumi. Waliona kwamba leo wameshinda mtu mmoja, lakini kesho watakuja wengine wenye magari mengi. Mwezi Mei 1993, zaidi ya waokota taka 800 walikutana katika mkutano mkuu ulioongozwa na Baba Adhav, wakaamua kuunda chama cha wafanyakazi. Walikiita Kagad Kach Patra Kashtakari Panchayat: Baraza la Wavuja Jasho wa Karatasi, Kioo na Bati. Tuliangalie jina hilo. Neno taka halimo. Wamezitaja malighafi wanazozizalisha, wakajiita wavuja jasho. Ni tamko la kitabaka ndani ya jina.

Palikuwa na mfano wa kuwatia moyo. Mwaka 1972 huko Ahmedabad, Ela Bhatt na wanawake wanaojiajiri walipoomba kuandikisha chama chao, SEWA, maafisa walikataa mwanzoni wakiuliza: Bila mwajiri mtagombana na nani? Wanawake walijibu kwamba chama ni kwa ajili ya umoja wa wafanyakazi wenyewe, si lazima kiwe dhidi ya mtu. Wakaandikishwa. Waokota taka wa Pune walipita katika mlango huo uliokwisha kufunguliwa.

Kadi na Hesabu

Dai la kwanza la chama halikuwa fedha. Lilikuwa kadi ya kitambulisho. Polisi waliwakamata waokota taka kila palipotokea wizi, na mwanamke hakuwa na la kuonyesha isipokuwa gunia. Chama kilitoa kadi zake, na katikati ya miaka ya 1990 mabaraza ya miji ya Pune na jirani yake Pimpri-Chinchwad yalikubali kuzithibitisha, hatua iliyohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini India. Wapo watakaosema kadi ni karatasi tu. Lakini karatasi hiyo ilikuwa na muhuri wa baraza la mji, na maana yake ni kwamba mji umekiri: huyu anafanya kazi. Swali lililofuata likawa: anafanya kazi kwa faida ya nani?

Chama kilianzisha akiba na mikopo ili kukata mrija wa deni, na maduka yake ya kununua chakavu yenye mizani ya haki, ambamo faida hurudi kwa wanachama. Hata hivyo hatua iliyobadilisha mjadala ilikuwa ya hesabu. Mwaka 2001 utafiti uliofanywa na watu wa chama na chuo kwa ajili ya Shirika la Kazi Duniani ulipima mzigo wa taka ambao waokotaji huuondoa kabla baraza halijaubeba kwa malori. Ilionekana kwamba wanaliokolea baraza gharama za usafirishaji zipatazo rupia milioni 16 kwa mwaka. Kila mwokotaji, kwa wastani, alikuwa akiupa mji kazi ya bure yenye thamani ya rupia 246 kila mwezi.

Makada na wanafunzi wazingatie uzito wa hesabu hiyo. Hadi siku ile mwokota taka alionekana mtu anayeishi kwa huruma ya mji. Hesabu iligeuza kiti. Mji ndio uliokuwa ukiishi kwa jasho lake. Mwajiri aliyefichika akafichuliwa, naye ni mji wenyewe: kila kaya inayotoa taka, na baraza linalokusanya kodi kwa ahadi ya kuziondoa. Ni wazo lile lile la bodi ya wahamali, limehamishwa kutoka sokoni hadi mitaani.

Matokeo yalifuata. Katika mwaka wa fedha wa 2002/2003 Baraza la Mji wa Pune lilikubali kulipia bima ya afya ya waokota taka walioandikishwa. Hawakupewa kama sadaka. Walilipwa sehemu ndogo ya deni lililokwisha kupigiwa hesabu.

Kutoka Chama Hadi Ushirika

Mwaka 2000 serikali ya India ilitoa kanuni zilizoyataka mabaraza ya miji kukusanya taka nyumba kwa nyumba. Kwa waokotaji, kanuni hiyo ilikuwa upanga wenye makali mawili. Ilihalalisha kazi waliyoibuni wenyewe, na papo hapo iliwaalika makandarasi wakubwa. Katika miji mingi kandarasi ziligawiwa makampuni na waokotaji wakasukumwa nje.

Pune ilikwenda njia nyingine kwa sababu wenye kazi walikuwa na chombo chao. Baada ya majaribio ya miaka kadhaa, ushirika wa SWaCH, jina linalosikika kama neno la lugha zao lenye maana ya safi, ulitia saini makubaliano na baraza la mji na kuanza kazi mwaka 2008. Mwanachama hukusanya taka katika nyumba alizopangiwa na kulipwa ada na kila kaya. Hubaki na haki ya kuuza karatasi, chupa na bati. Baraza hutoa vifaa na kugharimia uendeshaji. Leo ushirika una wanachama zaidi ya 3,000 na huhudumia mamia ya maelfu ya kaya. Yule aliyechokora pipa sasa ana eneo, ratiba, sare na mkutano mkuu ambamo anapiga kura.

Hapo palitokea mgawanyo wa kazi unaofaa kuchunguzwa. Ushirika unafanya kazi na kuhesabu fedha. Chama kinabaki kupigania haki, hata dhidi ya uzembe wa ushirika wenyewe kama utatokea. Mahali pengi duniani vyombo hivyo viwili vimechanganywa, kiongozi akawa msimamizi na mtetezi kwa pamoja, na mwanachama akakosa pa kulalamikia.

Migongano Iliyobaki

Tusipambe historia. Kwanza, mapato ya wanachama hutegemea ada ya kaya. Nyumba ya tajiri yaweza kulipa ikikumbuka. Kibanda cha maskini chalipa kwa shida. Na mkusanyaji ndiye anayebisha hodi kuidai. Baraza, ambalo ndilo lenye wajibu, huokoa fedha nyingi kwa mpango huu kuliko kama lingeajiri watu hao kwa mshahara. Wapo wanaouliza kwa haki: Je, huu ni ukombozi, au ni njia ya kistaarabu ya kupata kazi rahisi? Bima na vifaa havilingani na akiba ya uzeeni kama ile aliyoipata hamali kwa sheria ya 1969. Mwokota taka bado hana bodi yake.

Pili, makubaliano hufika mwisho. Kila yanapokaribia kumalizika, makampuni hujitokeza na wanasiasa huanza kusikiliza. Mnamo 2020 na 2021, baada ya wanawake hao kuendelea kukusanya taka wakati wote wa ugonjwa wa korona, walilazimika tena kuwaomba wakaazi wasimame nao ili kazi isitolewe kwa kandarasi. Gari la mfanyabiashara wa kwanza limekuwa likirudi kwa sura mpya.

Tatu, ubaguzi wa kuzaliwa haujafutwa. Mwanamke ana sare, lakini kazi ya taka bado imewaangukia Wadalit zaidi. Chama kimepigania watoto wasome ili wawe na uhuru wa kuchagua kazi nyingine, na hapo ndipo penye kipimo halisi cha mafanikio.

Mafunzo

Historia ya Pune ina mafunzo matatu kwa kada na kwa mwanafunzi.

La kwanza ni la nadharia. Tabaka la mtu halisomeki katika nguo zake wala mahali anapolala. Lasomeka katika mnyororo wa uzalishaji: nani anafanya kazi, na nani anavuna. Anayekosa kuutafuta mnyororo huo atawaita lumpeni watu wanaolisha viwanda.

La pili ni la vitendo. Mwanaharakati wa kweli huanza na kazi yenyewe. Walimu wa SNDT waliingia kwenye pipa kabla ya kuandika ripoti. Baba Adhav alijifunza kwa mgongo wa hamali. Hakuna kati yao aliyegawa chakula na kuondoka. Walitafuta mdaiwa, wakaifanya hesabu ya deni, kisha wakamwachia mwenye jasho akadai kwa kinywa chake.

La tatu latuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwezi Machi 2022, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikutana Nairobi na kupitisha azimio la kuanza majadiliano ya mkataba juu ya plastiki. Azimio hilo lilitambua mchango wa wafanyakazi wasio rasmi na wa vyama vya ushirika katika kukusanya na kuchambua plastiki. Mji huo huo una dampo la Dandora, na Dar es Salaam ina dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako watu wetu wanachambua kila siku. Kutambuliwa katika azimio ni kama kadi ya kitambulisho: ni mwanzo wa dai. Kinachobaki ni kazi ya mizani na daftari, yaani kupima tani wanazoziondoa, kukadiria gharama wanazoziokoa, na kumtaja mdaiwa kwa jina. Kazi hiyo haifanywi na wanadiplomasia. Hufanywa na makada wanaokubali kuinama juu ya pipa pamoja na wavuja jasho wenyewe.